Narap, naswali, maskani wananiita ustaadhi... nishike wapi?

mchizi_mbagala:
Wakuu kwema? Mi narap huku Mbagala, nyimbo mbili zishapigwa redio, sasa kuna promota kanipa shoo hela nzuri ila ni baa na kasema nisilete mawaidha jukwaani. Mistari yangu ni maskani, wana waliodakwa, unga, na humo humo namtaja Mungu maana ndo aliyenitoa. Wana wanasema nimejifanya ustaadhi, msikitini wazee wananiangalia jicho la pembeni.

kijiwe_nongwa:
Dogo mcheki Juliani wa Kenya, katokea mtaa wa Dandora, Nairobi, na kundi la rap la Ukoo Flani Mau Mau, akaokoka na bado akaendelea kurap kimtaa mtaa, albamu ya 2011 akaiita kabisa Pulpit Kwa Street. Lugha hakuhama ndo maana wana walimsikiliza. Ila gospo ina majukwaa yake, wewe msikitini biti tu ni kesi.

mama_swaumu:
Mwanangu hela ya baa utaila, Ramadhani ikifika je? Kaongee na shehe wako ana kwa ana, sio huku.

fundi_mitambo:
Shehe sawa, mkataba je?? Hilo sharti limeandikwa au maneno tu? Dai advansi kabla hujapanda, na hizo nyimbo kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapromota wa hivi wanapenda sana madogo wasiouliza.

mchizi_mbagala:
Mkataba hamna kaka, kanitumia voisi tu wasapu 😅

fundi_mitambo:
Sasa hata shoo yenyewe huna, unagombana na wazee wa msikiti bure