Naomba ushauri: kuonyesha DNA darasani bila maabara

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia sekondari, na maabara yetu ni kabati moja tu. Wanga hausumbui: tone la iodini kwenye kipande cha muhogo, rangi inageuka bluu-nyeusi papo hapo. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali kwenye seli, ndiyo raha yenyewe. Ini bichi la kuku ukilimwagia haidrojeni peroksaidi linatoa povu mpaka wanafunzi wanapiga kelele, ila lililochemshwa linatulia tuli, kwa kuwa joto limeharibu umbo la protini. Lipidi, doa la mafuta kwenye karatasi linatosha.

Kazi iko kwenye asidi nukleiki, kundi ambalo DNA imo. Naponda ndizi mbivu na maji, chumvi na sabuni ya vyombo ili ivunje utando wa seli, nachuja, kisha namimina spiriti taratibu juu yake. Nyuzi nyeupe za DNA zinatakiwa zitokee pale vimiminika vinapokutana. Mimi napata ukungu tu. Spiriti ni ya duka la dawa, asilimia 70, na friji hatuna.

Waliowahi kufanya: tatizo ni nguvu ya spiriti au joto lake? Juisi ya nanasi, kwa vile ina kimeng'enya cha kuvunja protini, inasaidia kweli? Na wanafunzi wakiuliza kama nyuzi hizo ni DNA tupu, mnawajibuje?