Wakuu, ile ilikuwa KWIKWI, siyo pepo!

Naandika mikono inatetemeka, na kwikwi bado ninayo.

Huyu shemeji mnamjua, kila ukoo unaye. Yule aliyeokoka miezi mitatu iliyopita na sasa anadhani Injili imeingia nchini Jumanne kupitia kwake. Krismasi tulimtoa baa mzegamzega, viatu vyake nimevishika mimi! Leo "mambo" haitikii, ni "Bwana asifiwe", ukijibu kwa sauti ndogo anarudia mpaka mbwa wa jirani aitike.

Nimevumilia vipeperushi chini ya mlango. Nimevumilia mahubiri ya WhatsApp saa kumi alfajiri. Mimi nina ubatizo, nina kipaimara, ahadi yangu ya sadaka kanisani KKKT, kwa Walutheri, nimeshaimaliza, mtu ananiuliza, "Shem, ukifa usiku huu?" Usiku huu niko zamu!

Sasa leo wakwe wamekuja. Pilau limepakuliwa, jamaa ndiye anaombea chakula, dakika ya kumi hajafika hata kwenye nyama. Nikadokoa kachumbari, kosa langu, nakubali. Pilipili mbuzi. Kwikwi ikanishika. Kafumbua macho, karuka kiti, kiganja kwenye paji langu la uso, tena kina mafuta ya kuku (kwa hiyo naye alishadokoa!). "TOKA! Toka, pepo wa bia!"

Mimi: "Hik."

"LINAJIBU!"

Linajibu, wakuu. Mama mkwe kavuta sahani yake mbali na mimi. Linajibu!

Kisiki: Sasa mkuu, lilitoka au halikutoka?

Tabora Boi: Hii chai imezidi tangawizi.

Kijiko: Unadokoa kabla ya sala mbele ya wakwe? Pepo unalo, ni la ulafi. Shem kakosea jina tu.

Mzee wa Kahawa: Andrea alimwendea nduguye Simoni, akamwambia tumemwona Masihi, akampeleka. Basi. Hakumkaba paji la uso. Na wale wa uamsho wa Gahini kule Rwanda, miaka ya 1930, jirani alijua umeokoka ulipokuja kuungama na kumrudishia ulichomwibia. Shemeji yako muulize kwanza ile elfu 50.

Mleta uzi: Mzee umejuaje?? Ila ni elfu 80. Hik.

Mama Wawili: Afadhali yako. Mimi wifi alinihubiria leba. Nesi anasema sukuma, yeye anasema tubu.

Kisiki: 😂😂 Ulifanya lipi kwanza?

Mama Wawili: Nilimng'ata.

Zamu ya Usiku: Wangu mimi ni bosi. Usipokwenda mkesha wake, mwezi mzima unakesha getini.

Jirani Mwema: Sisi Waislamu tunao pia, wa kwetu anapima urefu wa suruali msibani. Poleni. Ila hiyo pilipili mliikatia na mbegu zake?

Mleta uzi: Wakuu tusitoke kwenye mada. NIMEKEMEWA KAMA PEPO NYUMBANI KWANGU.

Kijiko: Na mbegu, lazima. Pilau lilikuwa na viazi?

Mama Wawili: Pilau bila viazi ni wali uliopauka.

Tabora Boi: Nani kakudanganya? Kiazi kwenye pilau ndiyo pepo lenyewe.

Mama Wawili: Wewe ndiyo maana hujaoa.