Nina wafugaji mia mbili Rungwe na matangi matatu ya maziwa: niyaweke wapi?

Mtoto wa Tukuyu
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho, nasoma sayansi ya kompyuta hapa Mbeya. Profesa anayenisimamia anafanya utafiti wa algorithimu za kijiometria na uchambuzi wa data. Ushirika wa kijijini kwetu umenipa pointi za GPS za nyumba za wafugaji kama mia mbili. Unataka matangi matatu ya kupozea maziwa yawekwe mahali ambapo hakuna atakayetembea mno na dumu lake. Nilipomwonyesha profesa matokeo ya k-means (njia ya kompyuta ya kugawa pointi katika makundi kwa ukaribu), alisema hilo si jibu la swali la ushirika, akanipa makala ya mtafiti Gonzalez ya 1985. Nisaidieni kuielewa.

Mchora Ramani, Iyunga
Mdogo wangu, k-means inapunguza jumla ya umbali uliopigwa mraba. Wengi wakisongamana kando ya barabara ya lami, matangi yatavutwa huko, na mama anayekaa peke yake huko juu kwenye miteremko ya mlima Rungwe ataumia. Ushirika unamuulizia huyo mama.

Gonzalez anafanya hivi: tangi la kwanza liweke kwa mfugaji yeyote. La pili lipeleke kwa aliye mbali zaidi na la kwanza. La tatu, kwa yule ambaye hata tangi la karibu naye liko mbali kuliko kwa wengine wote. Basi. Safari ndefu kuliko zote haitazidi mara 2 ya ile ya mpangilio bora kabisa.

Uthibitisho wake naupenda sana. Tuseme aliyebaki mbali zaidi yuko dakika 60 toka tangi la karibu. Yeye na wale watatu wenye matangi ni wanne, na kila wawili wametengana dakika 60 au zaidi. Panga matangi matatu utakavyo, wawili kati yao watatumia tangi moja, na mmoja wao lazima atembee dakika 30 au zaidi.

Ila Rungwe usipime kwa mstari mnyoofu! Nyumba zinazotazamana juu ya korongo la Kiwira, watu wake wanaitana kwa sauti, lakini kwa miguu ni kuzunguka hadi darajani. Tumia dakika za njia. Na kwa kuwa kupanda si sawa na kushuka, wakati uthibitisho unadai umbali ulingane pande zote, jumlisha kwenda na kurudi.

Dada wa Njombe
Kaka, hapo kwenye "mfugaji yeyote" ndipo penye shida. Nimefanya kazi ya kukusanya maziwa. Masika lori halifiki kila nyumba, na tangi linataka umeme.

Mchora Ramani, Iyunga
Kweli kabisa, dada. Basi aorodheshe kwanza maeneo yenye barabara na umeme wa uhakika. Achague wafugaji watatu kwa njia ileile, kisha kila mmoja apewe eneo lililo karibu naye. Uhakika unatoka mara 2 na kuwa mara 3. Hata hivyo, maeneo yakiwa 40, michanganyiko ya matatu matatu ni 9,880 tu. Kompyuta iijaribu yote, impe jibu bora lenyewe.

Mtoto wa Tukuyu
Ndaga fijo, kaka na dada. Jumamosi nashuka Tukuyu kupima njia, na nitabeba dumu lililojaa.