Naomba ushauri: siku tatu Pemba kuwatafuta ndege wanne wasiopatikana kwingine

Mleta uzi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Mwaka wa sita huu naangalia ndege na daftari langu lina aina 311, karibu zote za bara. Likizo ya Juni nataka kwenda Pemba kwa ajili ya ndege wanne tu ambao duniani kote wapo kisiwa hicho pekee: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba (njiwa wa kijani), chozi wa Pemba (kidege anayefyonza maua), na kile kidege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho.

Nina siku tatu kamili na pesa ya kubana. Nilale Chake Chake au nisogee Konde, karibu na msitu wa Ngezi? Na bundi je, mgeni anaingiaje msituni usiku? Nyumbani mama hataki hata kulisikia jina lake, anasema ni ndege wa msiba. Nampenda mama yangu, ila huyu bundi nimemsoma miaka minne na natamani kumwona kwa macho yangu.

Mwana wa Wete:
Karibu kwetu, mwalimu. Lala Konde. Ukilala Chake, saa ya asubuhi ambayo ndege wanachangamka itakuishia ndani ya daladala.

Chozi na hicho cha jicho jeupe visikusumbue, utaviona hata uani kwa watu, penye mpapai au maua. Siku ukishuka bandari ya Mkoani angalia tu miti ya barabarani. Dume la chozi ni jeusi kwa mbali, likigeuka juani linang'aa kijani, na kifuani lina zambarau. Nguvu zako ziweke kwa ninga na bundi.

Juni ni msimu wa upepo wa kusi, bahari inachafuka. Usipande boti na tumbo tupu, na ukae sehemu ya nyuma.

Mpenda Misitu:
Naongezea kuhusu ninga. Usimtafute ndege, tafuta mti. Ukiona mkuyu umezaa, kaa chini yake kimya nusu saa. Ninga akitulia kwenye majani humwoni kabisa; kinachomtoa ni matunda yanayodondoka na tawi linalotikisika bila upepo. Wa Pemba ana kichwa na kifua cha kijivu, si kama huyu wetu wa bara aliye kijani mpaka kichwani. Hiyo ndiyo alama ya kushika.

Kijana wa Tanga:
Bundi ni rahisi mkuu. Pakua sauti yake kwenye simu, icheze jioni, atakuja mwenyewe mpaka juu ya kichwa chako.

Mpenda Misitu:
Hapana, ndugu yangu, hilo naomba tusimfundishe mwenzetu. Bundi akisikia ile sauti anaamini mwenzake kavamia eneo lake. Anaacha kuwinda, anakuja kupigana na simu. Wageni kumi wakifanya hivyo mwezi mmoja pale pale, unamfukuza ndege asiye na kisiwa kingine cha kukimbilia.

Mwana wa Wete:
Naunga mkono. Mwalimu, ofisi ya msitu ipo pale pale barabarani unapoingia Ngezi. Lipa kiingilio, omba mtembezaji wa usiku, mkubaliane bei mapema. Msiingie ndani sana. Bundi huyu anakaa hata kwenye mikarafuu. Ila shamba la mtu ni la mtu, piga hodi kwanza.

Mleta uzi (mrejesho):
Wakuu, nimerudi. Chozi nilimwona saa moja baada ya kushuka botini, kama nilivyoambiwa. Cha jicho jeupe wakaja kundi zima kwenye mpera wa mwenyeji wangu.

Bundi ilikuwa usiku wa pili. Giza lilikuwa limeingia tu, tumesimama pembeni mwa mikarafuu, ikasikika "huu" moja. Kimya. Nikahesabu mpaka tisa, ikaja nyingine. Mtembezaji akamulika kando ya tawi, si usoni: kidege chenye rangi ya kutu, hakizidi sana shibri moja, macho ya manjano. Akatutazama, akageuza kichwa, akaendelea kuita. Nilimpigia mama simu usiku ule ule nikamwelezea. Akanyamaza, halafu akauliza, "Ni mdogo hivyo?"

Ninga nimemkosa. Mikuyu miwili niliyokaa chini yake haikuwa na tunda hata moja lililoiva. Desemba narudi kwa siku tano. Mwenyeji anayejua mti unaozaa mwezi huo upande wa Konde aniambie, nianze kuweka nauli.