Mrejesho: tafakari ya mchezo shirikishi

Habari zenu. Ni mimi niliyeuliza jinsi ya kuandika tafakari ya darasa kuhusu mchezo shirikishi (igizo ambalo watazamaji huweza kulisimamisha na kuingia kuigiza) tuliotazama hapa Nairobi, ule wa msichana anayeachishwa shule alee wadogo zake. Asanteni sana, mmenifaa.

Nilimfuata aliyesema nisisimulie hadithi yote, nishike tukio moja. Nilichagua pale mama mmoja alipopaza sauti "simama!", akajifunga leso kiunoni, akapanda jukwaani kuchukua nafasi ya msichana. Hakubishana na baba. Alimwendea kwanza shangazi, wakaja pamoja. Baba akalegea, ingawa hakukubali. Ujasiri wa mtu mmoja ulikuwa umeshindwa mchezo ulipoigizwa mara ya kwanza, wawili walisikilizwa. Insha yangu karibu yote ni hapo.

Niliongeza maelezo mafupi kuhusu Mbrazili Augusto Boal, aliyekuza mbinu hii miaka ya 1970: mchezo huishia pabaya, kisha hurudiwa watazamaji waubadilishe. Mwalimu alifurahia.

Ushauri wa kuhoji waigizaji haukuzaa matunda, hawakupatikana. Na yule aliyeniambia nijaribu nyumbani somo hilo la kutafuta wa kukuunga mkono: nilimtuma shangazi yangu azungumze na baba yangu kuhusu mimi kubadilisha kozi. Baba amesikiliza, bado hajaridhia. Tunaendelea kuzungumza.