Ving'ora vya zimamoto vimenifikisha pabaya na mama mkwe, nifanyeje wakuu?

Fundi Mashine

Wakuu habari za usiku. Naomba ushauri, wale wa kejeli pia karibuni ila msizidishe maana nyumbani kwenyewe sina amani.

Niko Mwanza, mtaa mmoja wa huku ziwani, jina silitaji maana mtaa wenyewe mdogo na wanaonifahamu humu wapo. Ni zile sehemu nyumba zimepachikwa juu ya mawe, ukitoka mlangoni kwako macho yanatua kwenye bati la jirani. Mwaka huu tumeletewa kituo cha zimamoto, kidogo tu, na siku kinaanza watu walishangilia, mimi nikiwemo, watoto wakapandishwa kwenye gari wakapigwa picha. Hakuna aliyewaza kwamba gari lile linakuja na king'ora chake.

Sasa shida iko hapa. Mke wangu ana wiki ya tatu tangu ajifungue, mtoto wetu wa kwanza, na mama mkwe katoka Sengerema kuja kumlea mzazi. King'ora kikilia mtoto anarusha mikono juu kama anadaka kitu, analia, mama yake anaamka, bibi anaamka, taa zinawashwa nyumba nzima, mimi nakuja kuhadithiwa asubuhi. Nahadithiwa kwa sababu sisikii. Kazi yangu ni fundi wa injini za mitumbwi, mwaka wa 14 huu nashinda na zile mashine zinanguruma kichwani, nikilala nimelala. Na hilo nalo limekuwa kesi, mama mkwe anauliza ni baba gani huyu mtoto analia yeye anakoroma.

Bibi kashika msimamo kwamba mtoto ataharibika moyo, kamziba masikio na pamba, na kasema arobaini haitatimia hapa, anawabeba wote wawili anarudi nao kwake. Zamani ningejitetea na foleni ya kivuko, kwamba mzazi atateseka na jua pale Kigongo, lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa hata hicho kisingizio sina, anapanda gari huyo anavuka dakika chache tu.

Hapohapo kuna jirani anazunguka na karatasi anakusanya sahihi kituo kihamishwe. Kinalia saa tisa usiku, kinalia alfajiri, kinalia Jumapili watu wako ibadani. Kanifuata mara mbili. Mke anataka nisaini. Mimi mkono unakuwa mzito kwa sababu kiangazi cha mwaka juzi banda la mdogo wangu liliungua, kituo cha karibu kilikuwa mbali, gari linafika tunafagia majivu. Nikisaini naonekana nafukuza zimamoto, nisiposaini familia inaondoka na daraja. Nifanyeje?

Sangara Mkavu

Saini fasta mkuu. Siku nyumba ikiwaka utapiga 114 uwaombe waje kimyakimya na bajaji.

Dagaa wa Mwaloni

"Familia inaondoka na daraja" 😂😂 nimecheka mpaka abiria mwenzangu kaniangalia. Pole lakini.

Mkunga Mtulivu

Mdogo wangu, kabla ya hayo ya sahihi, nyanyuka sasa hivi ukatoe hiyo pamba. Sikio la mtoto mchanga halizibwi kitu, pamba inaingia ndani, inabaki, inakuja kuleta shida ambayo king'ora hakikuleta. Mwambie bibi kwa adabu, usimwambie mbele ya binti yake.

Halafu hiyo ya kurusha mikono juu ni mshtuko wa asili, watoto wachanga wote wanao, hata ukigonga mlango au ukimlaza kwa ghafla anafanya hivyohivyo, na unaisha wenyewe kati ya miezi mitatu na sita. Sisi kliniki tukiona mtoto anashtuka tunafurahi maana tunajua anasikia. Asiposhtuka ndio tunaanza kuulizana. Kwa hiyo mpelekee mama mkwe habari hiyo kama habari njema, mjukuu wake masikio yako sawa, na hakuna moyo unaoharibika kwa king'ora kinachopita barabarani.

Mimi wasiwasi wangu uko kwa mkeo. Umeandika habari za mtoto, za bibi, za jirani, za daraja, yeye umemtaja kama mtu wa kuamka tu. Wiki tatu hajalala vizuri. Anakula? Anaongea? Analia bila sababu? Mtoto akilala mchana na yeye alale, vyombo vioshwe na wewe, na ukiona kanyamaza sana au hataki kumshika mtoto usisubiri arobaini, mpeleke akaonwe.

Fundi Mashine

Pamba nimetoa dada, asante. Anakula vizuri na anaongea, tena kwa sasa ananisema mimi tu.

Zamu ya Usiku

Mwangaluka wakuu. Nimefanya kazi ya zimamoto miaka mingi, sio huko kwenu, nimeshastaafu, ngoja niwafungue macho kidogo.

Mtu akisikia king'ora anadhani ni moto. Wapi. Zimamoto wanaitwa mtu kadumbukia kisimani, mtoto kaingia kwenye shimo la choo, gari limembana dereva, mtu kazama ziwani. Na simu za uongo, mtoto kachukua simu ya mama yake kapiga 114 anacheka, gari linatoka na king'ora juu maana huwezi kujua.

Hicho cha alfajiri mimi nakijua bila kufika kwenu. Zamu inayoingia inapokea gari kutoka kwa zamu inayotoka, na haipokei kwa maneno. Unakagua maji, mafuta, pampu, mipira, taa, breki, na king'ora kimo kwenye orodha. Injini inawashwa inaachwa ingurume mpaka upepo wa breki ujae, nalo ni kelele. Ila king'ora kujaribiwa ni sekunde mbili tatu, unasikia kimeitika unazima. Kama hapo kwenu kinalia dakika nzima huyo ni kijana anapenda sauti, tulikuwa nao sisi pia, na mkuu wa kituo akiambiwa anamnyamazisha siku hiyohiyo.

Usiku nako barabara ikiwa nyeupe dereva mwenye akili anatembea na taa tu, king'ora anakigusa kwenye makutano. Kurudi kituoni hakuna king'ora, kazi imeisha unakimbilia wapi? Lakini na nyinyi raia mjiangalie. Mwanza hii bodaboda anasikia gari la zimamoto nyuma yake ndio kwanza anakaa katikati, daladala inapakia, mtu kapaki juu ya bomba la kuchotea maji ya zimamoto, mwingine kajenga kibanda cha chipsi juu yake kabisa. Dereva afanye nini kama sio kubonyeza mpaka honi ya upepo?

Kwa hiyo ushauri wangu usisaini kuhamisha kituo. Nenda pale mchana, uliza mkuu wa zamu, ongea naye kama mtu na jirani yake.

Jiwe Pacha

Naongezea ya mawe maana nimekulia kwenye kilima. King'ora ukisimama mita 3 mbele yake kinagonga kama desibeli 120 (kipimo cha ukali wa sauti), na kila umbali ukizidisha mara mbili inapungua 6 hivi kama hakuna kitu kati. Piga hesabu, ukiwa karibu mita 400 bado inacheza kwenye 78, wakati watu wakiongea kawaida ni 60. Sasa ongeza miamba yetu, sauti inagonga jiwe la huku inarudi la kule, unasikia gari moja kama matatu na hujui linatokea wapi.

Na ziwa usiku ndio balaa. Hewa ya chini juu ya maji inapoa, ya juu bado ina joto, sauti badala ya kupotelea angani inapindishwa kurudi chini. Ndio maana wavuvi wa dagaa wako mbali huko unaona vitaa tu lakini unasikia mpaka wanachotukanana. Kwa hiyo mkuu inawezekana baadhi ya hivyo ving'ora mnavyoapa ni vya hapo mtaani viko ng'ambo ya ghuba kabisa.

Mama Wawili

Naona mnamgeuza mlalamikaji mjinga. Mimi niliishi jirani na kelele (haikuwa zimamoto, ilikuwa baa) na wote walioniambia nitazoea walikuwa wanalala mbali. Hatukuzoea. Kelele ina sheria yake, Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za kelele za 2015, na NEMC, wale wa baraza la mazingira, wana ofisi ya kanda hapohapo Mwanza, hao ndio waliofungia mabaa mwaka 2023. Sisemi ukashtaki king'ora cha dharura, huko hutoki. Nasema kujaribu king'ora muda mrefu wakati watu wamelala sio dharura, na mwenyekiti wa mtaa analipwa heshima zetu za nini kama hawezi kwenda kuwaambia wasogeze mbele saa moja?

Mtoro wa Igoma

Huku Marekani niliko kwenye kamji kadogo zimamoto wengi ni wa kujitolea, mmoja fundi bomba mwingine mwalimu, wako makwao. Kwa hiyo king'ora hakiko kwenye gari tu, kuna kingine kwenye mnara katikati ya mji kinawaita watoke majumbani, na sehemu nyingine kinalia kila siku saa sita mchana kama kengele ya shule. Watu wamegombana na hiyo kitu miaka na miaka. Wageni wanaohamia wanasema kizimwe maana simu na vifaa vya kuitania vipo siku hizi, wazee wanasema mtandao ukikata je? Kila mkutano wanarudi palepale. Ninyi shukuruni hamna mnara.

Sangara Mkavu

Mtoro umeenda Marekani kusikiliza ving'ora?

Kasia Moja

Mimi mvuvi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoingia ziwani Bukoba waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na yule kijana Majaliwa Jackson ndio akachukuliwa jeshi la zimamoto baadaye. Kituo kuwa karibu na maji ni mali. Mwenye hiyo karatasi mwambie akihamishe kwanza ziwa.

Zamu ya Usiku

Fundi fanya hivi. Chukua daftari, wiki moja, kila kikilia andika saa na kimelia muda gani, na mtu atoke nje aangalie ni gari gani. Ukienda kituoni na daftari unasikilizwa, ukienda na hasira unapewa kiti tu.

Mkunga Mtulivu

Na wewe Fundi usiyesikia king'ora mita mia kadhaa kutoka kitandani, mmeshughulika na masikio ya mtoto yenye afya mkaacha ya baba. Kelele ya kazini ikipita desibeli 85 kwa masaa 8 kila siku inakula masikio polepole, na hizo injini zako zinapita hapo. Kapime.

Fundi Mashine

MREJESHO. Wakuu nilisema nitarudi, nimerudi.

Daftari aliandika mama mkwe. Nilimpa kama utani, kumbe nimempa kazi, kaandika mpaka na hali ya hewa. Wiki nzima mara 11. Mara 6 ni saa 12 na dakika kadhaa asubuhi, zamu inabadilishana, kama Zamu ya Usiku alivyosema, na mara mbili kati ya hizo kililia karibu dakika nzima. Mara 2 walitoka kweli, mara moja jiko la gesi limeshika pazia nyumba ya bondeni, gari halikuweza kupanda mpaka juu likabaki linalia chini watu wakapandisha mpira kwa mkono, na jingine kijana kazama, alitolewa mzima.

Zilizobaki 3, saa tisa usiku, sio zimamoto! Shemeji yangu alilala hapa akatoka nje na tochi. Ni gari la abiria, Noah. Inapita kuchukua akina mama wa dagaa wawahi mwaloni sokoni kwa samaki, dereva kafunga king'ora cha dukani, badala ya kupiga honi kila mlango anapiga hicho mara moja pale kona wote wanatoka na ndoo zao. Miezi yote hiyo zimamoto wanabeba lawama za Noah.

Kituoni nilienda na mwenyekiti wa mtaa. Mkuu wa zamu mtu poa, akasoma daftari akaomba alipige picha, akasema kujaribu kitalia sekunde mbili na gari litaelekezwa ukutani, upande usiotazama nyumba. Kuanzia Jumanne kinaguna tu kinanyamaza. Usiku akasema dharura ni dharura, nikamwambia hatuna ugomvi hapo.

Noah ndio ngumu. Dereva nilimwambia king'ora kwenye gari binafsi ni kosa na trafiki wanakamata, akanielewa haraka sana, akakitoa. Sasa akina mama wa dagaa ndio wamenijia juu, wawili walichelewa kuamka wakakuta mzigo umeisha, wananiuliza nani atawaamsha, mimi? Tumekubaliana dereva awabipu kwenye simu, lakini mmoja simu yake haina chaji usiku kwa hiyo anagongewa dirisha na mwenzake, na mbwa wa pale anabweka.

Karatasi ya sahihi sikusaini. Bado inazunguka, nasikia imepungua moto.

Dagaa wa Mwaloni

Na mama mkwe??

Fundi Mashine

Yupo. Kasema anamalizia arobaini hapahapa kwa sababu daftari halijaisha kurasa. Ijumaa naenda kupimwa masikio na kasema ananisindikiza, akasikie mwenyewe daktari atasemaje.