Mrejesho: Mshubiri kwa uso uliobabuka na jua

Wadau, niliuliza kama mshubiri (aloe vera) unafaa kwa uso uliobabuka na jua la Raskazone, huku Tanga. Unafaa, ila kazi iko kwenye kukata. Shangazi wa Ngamiani kanionyesha: chukua jani nene la chini, lisimamishe kwenye bakuli mpaka utomvu wa njano utiririke wote, maana huo ndio unaowasha (na ndio shubiri yenyewe, ya kuwaachishia watoto ziwa). Kisha menya, suuza ute wa ndani, ujaribu kwanza mkononi.

Wekundu umetulia, ngozi imelainika. Madoa meusi ya chunusi yapo vilevile, msidanganywe.

Aliyesema nichanganye na ndimu, hapana, ndugu yangu. Ndimu na jua haviivani, ngozi huungua. Ute unaobaki naufunika, naweka kwenye friji.